Dawa za Sonona Thika na Ruiru: Historia ya Kuanza na Kuacha

Miji ya Thika na Ruiru imezoeleka kusimuliwa kwa habari za kahawa, mkonge, mananasi na viwanda, na msimulizi aliye hodari huongeza hoteli ya Blue Posts iliyojengwa mwaka 1908 karibu na maporomoko ya Chania na ya Thika, na reli iliyofika Thika mwaka 1913. Ipo historia nyingine ya miji hii ambayo aghalabu haisimuliwi, kwa kuwa waliohusika nayo waliificha kwa haya, na waliokuwa na kalamu hawakuiona kuwa jambo la kuandikwa: nayo ni historia ya watu walioshikwa na sonona, wakapewa dawa, wakapata afua, kisha wakaziacha dawa hizo, na katika kuziacha wakapatwa na adha ambayo hakuna mtu aliyewaonya juu yake. Nakusudia kuieleza historia hiyo tangu usuli wake, kwani naamini kuwa adha hiyo haikutoka katika dawa peke yake. Ilitoka pia katika namna dawa zilivyotufikia, maana zilikuja na elimu ya kuzianza, na elimu ya kuziacha ikachelewa kwa muda wa miaka 60.

Katika migongo ya Gatundu na Githunguri, kabla ya reli na kabla ya mkonge, mtu aliyeingiwa na majonzi yasiyokoma, akawa hali, halali, wala hazungumzi na jamaa zake, alipelekwa kwa mundu mugo, naye mganga huyo alikitafuta chanzo cha maradhi katika thahu, yaani unajisi uliompata mtu kwa kuvunja mwiko au kwa kufikwa na jambo zito kama vile mauti au laana. Tiba iliyojulikana sana ilikuwa ya kutapisha: kilichimbwa kishimo, kikatandikwa majani ya mgomba, kikatiwa maji na dawa, na mgonjwa akawa analambishwa dawa hiyo na kuitema chini kila ovu lilipotajwa kwa jina lake, jamaa zake wakishuhudia. Sisemi kwamba tiba hiyo ilimponya kila aliyetibiwa, wala sisemi kwamba turejee kwayo. Ninalotaka msomaji alizingatie ni kuwa tiba hiyo ilikuwa na hitimisho lililojulikana, na hitimisho hilo lilikuwa na mashahidi, hata mgonjwa hakuachwa peke yake akijiuliza kama tiba imekwisha au haijesha.

Mambo yaligeuka nchi ilipotwaliwa na walowezi. Mkonge ulipandwa Punda Milia, ng'ambo ya Thika, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kahawa ikaenea Ruiru na kandokando yake, na watu wa kufanya kazi wakatoka mbali, wakaishi katika kambi za mashamba, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakalazimishwa kutembea na kipande, yaani hati ya utambulisho, shingoni. Mtu wa namna hiyo akishikwa na majonzi hakuwa na wazee wa kumketia wala mganga aliyemjua mamaye na babaye. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya wendawazimu Nairobi, mahali palipokuwa pametengwa kwa wagonjwa wa ndui, nayo ikapewa jina la Mathari mwaka 1924. Ingali imesimama kando ya barabara iendayo Thika, na kwa muda mrefu barabara hiyo ndiyo iliyokuwa njia pekee ya mtu wa Ruiru au wa Thika kuyafikia matibabu ya akili. Sheria iliyotumika awali ilikuwa imetungwa kwa ajili ya Bara Hindi mwaka 1858, na muradi wake mkubwa ulikuwa kuwazuia watu walioonekana kuwa hatari, wala si kumtibu mwenye sonona, ambaye hampigi mtu wala havunji kitu, bali anakaa kimya chumbani mwake na kupungua siku hata siku. Huyo hakuwa na nafasi katika nyumba ya namna hiyo, na kwa hiyo hakuhesabiwa.

Kutohesabiwa huko kulizaa elimu potovu. Tabibu J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi mwaka 1950, alitazama idadi ya wagonjwa waliolazwa, akaona wenye sonona ni wachache mno, akashikilia kuwa maradhi hayo ni adimu kwa Mwafrika. Na rai yake ikapewa nguvu kubwa mwaka 1953, Shirika la Afya Duniani lilipokichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata aliandika tena kwa ajili ya serikali juu ya nafsi za watu wa Mau Mau, akaunga mkono mpango wa kuwakusanya Wakikuyu katika vijiji, na kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja, wa Kiambu na wa nyanda zinazoizunguka Thika wakiwamo, walihamishwa makwao wakaishi ndani ya maboma na mahandaki. Ni jambo la kutia uchungu kwamba katika miaka ile ile ambayo wajane, mayatima na wafungwa waliongezeka katika nchi hii kuliko wakati mwingine wowote uliokumbukwa, elimu rasmi ilisema kuwa watu hao hawana uwezo wa kuugua huzuni. Frantz Fanon, ambaye mwenyewe alikuwa tabibu wa akili kule Algeria, aliipinga elimu hiyo kwa maneno makali mwaka 1961, na utafiti uliofanywa hapa Kenya kwenyewe baada ya uhuru uliibatilisha: mwaka 1979 David Ndetei na Joseph Muhangi walionyesha kuwa sehemu isiyo ndogo ya watu waliokwenda katika zahanati ya mashambani kwa malalamiko ya mwili walikuwa na maradhi ya nafsi, na sonona ikiwa miongoni mwayo.

Wakati Mathari ikiwanyima watu jina la maradhi yao, dawa ya maradhi hayo ilikuwa inapatikana kwingineko, na kupatikana kwake kulikuwa kwa sadfa. Katika mwaka 1952 wagonjwa wa kifua kikuu waliolazwa katika hospitali ya Sea View, New York, walipewa dawa iitwayo iproniazidi, na waganga wakastaajabu kuona watu waliokuwa taabani wakichangamka hata kabla ya mapafu yao kupona. Ndugu ya dawa hiyo, isoniazidi, ilikuja ikajaribiwa na kutumiwa sana Kenya dhidi ya kifua kikuu, lakini habari ya kuchangamsha nafsi haikusafiri pamoja nayo. Mwaka 1957 Roland Kuhn, tabibu wa Uswisi, alisimama mbele ya wasikilizaji wachache huko Zurich, akaeleza jinsi imipramini ilivyowainua wagonjwa wake wa sonona. Na kufikia mwaka 1961 amitriptilini nayo ilikuwa imeingia sokoni, dawa ambayo ndiyo iliyokuja kujulikana zaidi katika hospitali zetu.

Hapa pana jambo ambalo ningependa lijulikane na kila mgonjwa na kila muuguzi. Imipramini ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili sokoni, na waganga wa Ulaya na wa Amerika ya Kaskazini walikwisha kuandika, katika mwaka 1959, kwamba mgonjwa akiiacha ghafla hupatwa na kichefuchefu, jasho, maumivu ya kichwa, kukosa usingizi na fadhaa, na kwamba mambo hayo hutulia akirudishiwa dawa. Maneno hayo yaliandikwa wazi, lakini yakasahauliwa upesi, kwa kuwa macho ya wote yalikuwa yameelekea katika muujiza wa kupona, na kwa kuwa mtu aliyeharibikiwa baada ya kuacha dawa alidhaniwa tu kuwa amerudiwa na maradhi yake ya kale.

Baada ya uhuru matibabu ya akili yalianza kutoka polepole ndani ya kuta za Mathari, yakafika katika hospitali za mikoa na baadaye za wilaya, na dawa zenyewe zikapata hadhi ya kuwa za lazima: amitriptilini ilikuwamo katika orodha ya kwanza ya dawa muhimu iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1977, na fluoksetini, iliyoanza kuuzwa Marekani mwanzoni mwa mwaka 1988 kwa jina la Prozac, ikaongezwa katika orodha hiyo mwaka 2007. Kenya imezifuata orodha hizo katika orodha zake yenyewe, na ndiyo maana leo mtu anayetibiwa sonona katika hospitali ya serikali, awe Thika au Ruiru, aghalabu hupewa moja kati ya hizo mbili. Fauka ya hayo, amitriptilini hutolewa kwa wengi wasio na sonona, kwa ajili ya maumivu ya mishipa ya fahamu, kipandauso na kukosa usingizi, hata wapo watu walioimeza kwa miaka bila ya kujua kuwa ni ya jamii moja na dawa za sonona, wala kwamba haifai kukatwa kwa siku moja.

Na tutazame kwa karibu yale yanayopita siku ya kliniki. Mgonjwa huja na daftari la shule lenye mistari, lililopindika pembe kwa kubebwa mfukoni na katika mkoba, na ndani yake, ukurasa kwa ukurasa, mna tarehe, mapigo ya moyo, jina la dawa na dozi, na neno fupi la kuamuru aendelee na arudi baada ya mwezi. Huketi katika benchi tangu asubuhi, akasogea kadiri wenzake wanavyoitwa, na zamu yake ikifika huulizwa kama analala na kama anakula, kisha huandikiwa dawa za siku 28 au 30. Kurasa hizo zimeandikwa kwa bidii na watu wenye kazi nyingi, nami nawaheshimu. Lakini lipindue daftari hilo toka jalada hadi jalada: utaona siku ambayo dawa ilianza na siku ambayo dozi iliongezwa, ila ni nadra kuona mahali palipoandikwa dawa hii itapunguzwa lini, kwa kiasi gani, wala ni dalili zipi zitarajiwe katika kupunguza.

Kwa kuwa njia ya kutoka haikuandikwa, watu walijitokea wenyewe, kila mtu kwa sababu yake. Yupo aliyekosa nauli ya matatu mwezi kibarua kilipokatika. Yupo aliyefika dirisha la dawa akaambiwa zimekwisha, akatafute duka la dawa mjini, na bei ya mjini ikamshinda. Yupo mwanamke aliyepata mimba akaogopa, akaacha siku hiyo hiyo bila ya kumwuliza mtu. Yupo aliyeombewa akaambiwa kuwa kumeza tena ni kukosa imani. Yupo kijana wa zamu za usiku kiwandani aliyeona dawa inamletea usingizi mbele ya mashine. Na wapo wengi, pengine wengi kuliko wote hao, waliojiona wazima, wakasema kwa haki kabisa kwamba mtu mzima hamezi dawa. Hakuna kati ya sababu hizo inayostahili kulaumiwa. Kila moja inatokana na maisha yenyewe, na hospitali iliyo na hekima huzitarajia sababu hizo kabla hazijafika.

Yaliyowapata baada ya kuacha yanafanana mno, hata mtu akiyasikia kutoka kwa watatu wasiojuana hudhani walishauriana. Siku ya pili au ya tatu kichwa huwa chepesi na kizito kwa wakati mmoja, na mtu akigeuza macho ghafla huhisi kitu kama mshtuko mfupi wa umeme ukipita ndani ya fuvu. Hufuata kizunguzungu, jasho la usiku, kichefuchefu, ndoto za wazi mno zenye kutisha, machozi yanayotoka bila ya sababu, hasira isiyo tabia yake, na wasiwasi unaomfanya asiweze kuketi mahali pamoja. Sababu yake si ya ajabu kwa mwenye kujua jinsi mwili unavyofanya kazi. Ubongo ulioishi na dawa kwa miezi au miaka hujipanga upya ili kuishi nayo, na dawa ikiondolewa kwa ghafla mpango ule hubaki bila ya mshirika wake, hata ujipange tena, na kujipanga huko huchukua majuma, na kwa baadhi ya watu miezi. Dawa zinazotoka mwilini upesi, kama paroksetini na venlafaksini, hutesa zaidi zikiachwa. Fluoksetini, ambayo mabaki yake hukaa mwilini kwa majuma kadhaa, haitesi sana hivyo, na mateso yake huchelewa kuja.

Msiba mkubwa wa jambo hili ni kuchanganywa kwake na maradhi yenyewe. Mgonjwa akirudi kliniki na machozi na kukosa usingizi, aliyemwona husema, na kwa nia njema, kwamba sonona imerudi na kwamba mgonjwa atahitaji dawa maisha yake yote. Naye mgonjwa husadiki kuwa ana kasoro isiyoponyeka. Hata hivyo zipo alama za kutofautisha. Adha ya kuacha dawa huanza aghalabu ndani ya siku chache tangu dozi ipunguzwe, huja na mambo ya mwili ambayo sonona haikuwa nayo, kama vile ile mishtuko ya umeme na kizunguzungu, na hutulia upesi, mara nyingi ndani ya siku chache, dawa ikirudishwa; ilhali sonona inayorudi huja polepole, baada ya majuma au miezi, na kwa sura ile ile mgonjwa aliyoizoea. Alama hizi hazikati shauri katika kila hali, lakini lau zingefundishwa tangu mwaka 1959, watu wangapi wasingaliambiwa kuwa ni wagonjwa wa milele?

Elimu ilirudi kwa mwendo wa pole. Katika miaka ya 1990 mabingwa waliipa adha hiyo jina la kitaalamu, lakini wakaieleza kuwa ni jambo dogo la juma moja au mawili, na maelezo hayo yakaingia katika vitabu vya mafunzo vilivyosomwa hata Afrika Mashariki. Ni mwaka 2019 tu ndipo Chuo cha Kifalme cha Matabibu wa Akili cha Uingereza kilipokiri kwamba kwa baadhi ya watu adha hiyo huwa kali na ndefu, na mwaka huo huo watafiti Mark Horowitz na David Taylor wakaeleza kwa nini kupunguza kwa nusu na robo, kama ilivyozoeleka, hakutoshi. Juu ya wingi wa wanaopatwa, mabingwa bado wanahitilafiana. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2024, uliokusanya tafiti 79, ulionyesha dalili kwa takriban asilimia 31 ya walioacha dawa, na asilimia 17 kwa walioacha vidonge visivyokuwa na dawa ndani yake, na dalili kali kwa takriban mtu mmoja katika 35. Wengine wanasema hesabu hiyo ni ndogo kwa sababu tafiti nyingi zilihusu watu waliomeza kwa majuma machache tu. Wala isidhaniwe kuwa kila anayeacha hufanikiwa. Utafiti uliofanywa Uingereza, na kutangazwa mwaka 2021, juu ya watu waliomeza dawa kwa muda mrefu na kujiona wako tayari kuacha, ulionyesha kuwa katika mwaka mmoja sonona iliwarudia 56 katika kila 100 walioacha, na 39 katika kila 100 walioendelea. Insafu inatutaka tuzishike habari zote mbili: wapo wanaohitaji kuendelea na hawana sababu ya kuona haya, na wapo wanaoweza kuacha na wana haki ya kuachishwa kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe ni kama kushuka ngazi ambayo vipandio vyake vya juu ni vifupi na vya chini ni virefu: anayeshuka kwa hatua zilizo sawa huteremka salama mwanzoni, kisha akaanguka karibu na ardhi. Chukua mfano wa sitalopramu, dawa nyingine ya sonona. Miligramu 20 hushika takriban asilimia 80 ya milango ya ubongo ambayo dawa hiyo huifunga. Mtu angedhani kuwa miligramu 10 zitashika asilimia 40, lakini haiwi hivyo, na ili kufikia asilimia 40 dozi yapasa kuteremka hadi karibu na miligramu 2.3. Ndiyo kusema kwamba mtu anayekata kidonge nusu, kisha robo, kisha akaacha, hufanya hatua ndogo mwanzoni na hatua kubwa kuliko zote mwishoni, pale pale anapodhani amekwisha kumaliza. Uholanzi walitengeneza vifurushi vya vidonge vinavyopungua kidogo kidogo kila siku, na kwingine hutumiwa dawa ya maji inayopimwa kwa bomba la sindano. Thika na Ruiru mtu hupewa amitriptilini ya miligramu 25 na fluoksetini ya miligramu 20, na akitaka kupunguza hukaa mezani na wembe, akikipasua kidonge kidogo chenye utando laini kinachoruka na kuvunjika vipande visivyolingana, na unga wake ukiufikia ulimi huwa mchungu na kuufisha ganzi. Haifai mgonjwa kuachiwa kazi hiyo. Ni kazi ya mfamasia, naye anaweza kuifanya kwa usalama akiagizwa na tabibu.

Watu wa miji hii hawahitaji kutafuta mbali ushahidi wa madhara ya kukatiwa ghafla kitu ambacho mwili umekizoea. Mwezi wa Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe kali za bei nafuu, zilizoitwa za kizazi cha pili, zimalizwe katika eneo la kati, na katika siku chache mapipa yakapasuliwa na pombe ikamwagwa barabarani, wengi wa Kiambu wakishangilia, kwani pombe hizo zilikuwa zimeziangamiza aila nyingi. Nia ilikuwa njema. Lakini mwili wa mlevi wa miaka mingi ukinyimwa pombe kwa siku moja huweza kuingia kifafa na hata kufa, na mahali pa kuwapokea watu hao palikuwa pachache. Baadaye serikali ya kaunti ilianzisha mpango wa Kaa Sober, uliowapa walevi kazi ya mikono yenye malipo pamoja na ushauri. Dawa za sonona si pombe, hazilevyi wala hazimtii mtu uchu wa kuongeza, na naomba msomaji asizifananishe. Ibra ninayoichukua ni moja tu: mwili una mwendo wake, na amri hata ikiwa njema kiasi gani haiwezi kuuharakisha mwendo huo.

Zimekuja dalili za heri. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga liliishauri serikali iyatangaze maradhi ya akili kuwa janga la taifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ilirekebishwa, na kaunti zikapewa wajibu wa kuwatibu watu karibu na makwao. Na mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka katiba. Uamuzi huo unagusa habari yetu moja kwa moja, kwa kuwa fikira za kujiua huweza kumjia mtu anayeacha dawa kwa ghafla, na kwa muda mrefu mtu huyo aliogopa kuzitamka mbele ya muuguzi asije akaitiwa polisi. Sasa na atamke, na anayemsikia ampeleke hospitali siku ile ile. Hitaji nalo limekua: hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliikuta Ruiru na zaidi ya watu 490,000, na Thika zaidi ya 250,000, wengi wao wakiwa wapangaji wa vyumba waliotoka kaunti nyingine, wasio na wazee wa kuwaketia, kama walivyokuwa wale vibarua wa mkonge.

Kwa anayekusudia kuacha, nasaha zilizokwisha kuthibiti ni chache. Asiache siku anayoamka na hasira, wala mwezi wa msiba, wa kufukuzwa kazi au wa kujifungua. Amwambie kwanza aliyempa dawa, na amtake ampangie kupunguza kwa hatua, akikaa katika kila hatua majuma mawili hadi manne au zaidi, na hatua za mwisho zikiwa ndogo kuliko za kwanza. Aandike kila siku anavyolala na anavyojisikia, ili siku mbaya moja isimdanganye kuwa mwezi mzima ni mbaya. Amjulishe mtu mmoja wa nyumbani, awe mke, mume, dada au jirani, aina ya dalili zitakazokuja, ili hasira ya majuma hayo isivunje nyumba. Dalili zikizidi, arudi katika dozi ya hatua iliyotangulia na atulie hapo. Kurudi nyuma hatua moja ni sehemu ya safari, na waliowahi kushuka ngazi hii wanajua maana ya kawia ufike.

Lakini nasaha kwa mgonjwa hazitoshi, kwa kuwa kosa la historia hii halikuwa la mgonjwa. Lilikuwa la nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kuzuia, la elimu iliyokana huzuni ya watu waliokuwa wakihuzunika, na la maarifa yaliyopatikana mwaka 1959 yakaachwa kabatini hata mwaka 2019. Tunalodai si kubwa kupita uwezo wa kaunti: dawa zisikatike madirishani, maana kukatika kwa dawa mwezi mmoja ni kumwachisha mtu bila ya hiari yake, zinunuliwe na dozi ndogo, au dawa ya maji, kwa ajili ya wanaopunguza, wafundishwe wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii kuzitambua dalili za kuacha, na katika ukurasa ule ule wa daftari unaoandikwa siku dawa inapoanza, iandikwe pia siku ya kuzungumzia kuiacha. Mgonjwa anayeijua njia ya kutoka tangu siku ya kwanza hataiogopa dawa anapoihitaji, wala hatajiona mfungwa wake anapopona, na hapo tiba ya sonona katika Thika na Ruiru itakuwa imepata hitimisho lake na mashahidi wake.